Nani Alimpa Kocha Huyu Filimbi?

Msimu wa michezo ukifika, uwanja wa shule hupata watu wapya. Muhula wa kwanza ni wa riadha, mpira wa vikapu na magongo. Wa pili ni wa kandanda, voliboli na netiboli. Humo humo kuna drama na muziki, na shule yenye hamu ya kufika ngazi ya taifa haitosheki na walimu wake. Huletwa kijana aliyesoma hapo zamani na anayejua kucheza. Huletwa mkufunzi wa kwaya aliyeipeleka shule jirani hadi kitaifa mwaka jana. Huletwa mgeni kutoka ng'ambo anayejitolea kwa miezi miwili. Watoto wanamwita kocha, walimu wanamwita kocha, na ukiuliza jina lake kamili utawaona watu wakitazamana.

Wengi wao ni watu wema. Wanafundisha watoto wetu kwa nauli na sahani ya githeri, na bila wao shule nyingi za umma hapa Kenya zisingekuwa na timu yoyote. Ninayemwandikia ni mzazi aliyegundua, au anayehofia, kwamba mmoja wa watu hao hakupaswa kukaribia watoto, na kwamba habari zake zilikuwa mahali fulani zikingoja mtu wa kuuliza.

Jambo kama hilo likifichuka, hasira yote humwendea kocha. Ni haki yake. Lakini kocha hakujifungulia lango mwenyewe. Kuna aliyempokea, kuna aliyesema aanze Jumatatu, kuna aliyemkabidhi orodha ya wachezaji na kiti cha mbele kwenye basi. Kazi ya kumkamata kocha ni ya polisi. Kazi ya kumtafuta aliyemfungulia lango, na kumtaka aeleze alijua nini siku ile, mara nyingi huachwa bila mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi yetu wazazi. Ukiiacha mpaka kesi ya jinai iishe, karatasi zitakuwa zimepotea, mwalimu mkuu amehamishwa, na mwenyekiti wa bodi amemaliza muda wake.

Kama kuna mtoto aliyedhuriwa, weka makala haya kando kwanza umpeleke hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyocheleweshwa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Asioge kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitalini itajazwa fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, na polisi watakupa P3, fomu ya ripoti ya daktari, ambayo haiuzwi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, na huko Tanzania pia namba ni hiyo hiyo, ambapo mzazi huanzia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na fomu yao ni PF3. Msikilize mtoto mara moja, andika maneno yake kama alivyoyatamka, kisha mwache. Kila shangazi na kila mjomba anayemketisha na kumuuliza upya anamwumiza mara ya pili, na pia anampa wakili wa mshtakiwa nafasi ya kusema kwamba mtoto alifundishwa maneno.

Wazee nao watakuja. Watakuja na lugha laini ya kumalizana nyumbani, pengine na bahasha. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikuwaachia wao uamuzi huo, wala haikukuachia wewe: kesi ikishafika polisi, kuiendeleza au kuikomesha ni juu ya mwendesha mashtaka wa umma. Waambie hivyo kwa heshima, na mlango ubaki wazi kwa chai tu.

Sasa turudi langoni.

Wakuu wengi wa shule wakiulizwa kama kocha alichunguzwa hujibu kwamba "ana good conduct," wakimaanisha cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Ni vizuri mzazi akielewa cheti hicho ni nini hasa. Mwombaji hujaza fomu kwenye eCitizen, hulipa shilingi 1,050, halafu hupeleka alama za vidole makao makuu ya DCI barabara ya Kiambu au kwenye kituo cha Huduma. Alama hizo hulinganishwa na kumbukumbu za wahalifu, na cheti hutolewa. Yaani kuna hatua ya kulipa na kuna hatua ya vidole, na kati ya hizo mbili mtu anaweza kutoweka. Nimewahi kuona faili ya mkufunzi ikiwa na nakala ya kitambulisho, picha ndogo ya pasipoti, na karatasi ya tatu ambayo kila mtu shuleni aliiita cheti. Ilikuwa risiti ya malipo. Mtu alilipa 1,050, akachapisha risiti, akaikabidhi ofisini, na karani akaitoboa na kuifunga kwenye faili. Vidole vyake havikuwahi kugusa wino. Karani hakuwa mtu mbaya; hakuna aliyewahi kumwonyesha cheti chenyewe kinafananaje.

Hata cheti halisi kina mipaka yake. Kinasema polisi wa Kenya wana rekodi gani juu ya vidole hivyo. Hakisemi kwamba mtu huyu aliombwa aondoke kimya kimya katika shule aliyokuwa kabla. Hakisemi kwamba mzazi fulani alilalamika kisha akahama mji. Wala hakijui lolote la nchi nyingine. Gregory Dow, Mmarekani, alifungua makao ya watoto karibu na Boito, kaunti ya Bomet, mwaka 2008. Mwaka 1996, huko Iowa, alikuwa amekiri kosa la kumshambulia mtu kwa nia ya kumdhulumu kingono. Alama zake za vidole zingepelekwa DCI mara kumi zisingeonyesha kitu, kwa sababu rekodi yake ilikuwa Marekani. Watoto wa Boito walilipia pengo hilo, na mwaka 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 15 na miezi 8 kwa aliyowatendea. Kwa hiyo mgeni akija kujitolea shuleni kwenu, dai karatasi ya kwao. Mwingereza anaweza kuleta Cheti cha Kimataifa cha Ulinzi wa Mtoto, ambacho kilianzishwa hasa kwa ajili ya Waingereza wanaofanya kazi na watoto nje ya nchi yao. Mmarekani anaweza kuomba muhtasari wa rekodi yake kutoka FBI. Mgeni mwenye nia njema hataona tabu, na akiona tabu, shule imepata jibu.

Kuna funzo jingine lililotoka Uingereza kwa gharama ya kutisha. Mwaka 2002 wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa katika mji mdogo wa Soham na Ian Huntley, mtunzaji wa majengo katika shule ya sekondari ya hapo. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Sir Michael Bichard, iliyotolewa mwaka 2004, ilionyesha kwamba alikuwa amelalamikiwa polisi mara kadhaa katika eneo alilotoka kwa tuhuma za kingono, bila kuhukumiwa. Wakati wa kumchunguza kwa ajili ya kazi ya shule, jina lililotafutwa kwenye kompyuta lilikuwa Nixon, ambalo alikuwa akilitumia, na jina la Huntley halikutafutwa. Barua za waliomdhamini nazo hazikufuatiliwa ipasavyo. Uchunguzi ulifanyika, na karatasi ilikuwepo. Fikiria basi kwetu, ambapo mtu ana jina la kanisani, jina la nyumbani, na jina la uwanjani alilopewa kwa sababu anapiga chenga kama mchezaji fulani wa Ulaya. Ikiwa kocha anajulikana shuleni kwa jina la utani tu, hapo hapajachunguzwa mtu.

Kwa mwalimu kuna chombo kimoja cha ziada. Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ina rejista, na mtu haruhusiwi kufundisha bila kuwa ndani yake, iwe shule ya umma au ya binafsi. Walioondolewa kwa makosa ya nidhamu hutangazwa. Shida ni kwamba mtu aliyefutwa ualimu anaweza kurudi kupitia lango la michezo, kwa sababu ukocha haumtaki awe na namba ya TSC. Shule ikileta kocha aliyewahi kuwa mwalimu, swali la kwanza liwe kwa nini hafundishi tena, na jibu litafutwe TSC. Maelezo yake mwenyewe hayatoshi.

Kuliko karatasi zote hizo, mimi ninathamini simu moja. Simu ya mwalimu mkuu kwa mwalimu mkuu wa mahali kocha alipokuwa awali, kwa namba iliyotafutwa kwingine, isiwe ile aliyoitoa kocha mwenyewe. Iulize jambo moja wazi: ungempokea tena awe na wasichana wako, au wavulana wako, kwenye safari ya kulala nje? Watu wanaoogopa kuandika barua mbaya hunyamaza kidogo kwenye simu, na kimya hicho mtu mzima anakielewa. Simu hiyo haigharimu kitu, na ndiyo isiyopigwa. Iandikwe kwenye daftari: tarehe, saa, nani alipiga, nani alijibu, alisema nini. Mambo yakiharibika, mstari huo mmoja ndio utakaoonyesha nani alitimiza wajibu wake.

Kudai maelezo kunaanza kwa barua. Mkutano wa wazazi ni mzuri kwa kupumua, lakini maneno yake huisha na viti vikikunjwa, na kumbukumbu za mkutano huandikwa na walewale mnaowauliza. Andikeni barua fupi, itiwe saini na wazazi zaidi ya mmoja, iende kwa mwalimu mkuu na nakala kwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Inaweza kusomeka hivi:

"Sisi wazazi tuliotia saini hapa chini tunaomba kujulishwa kwa maandishi: mtu anayefundisha timu ya voliboli ya wasichana alianza kazi hapa shuleni tarehe gani na kwa idhini ya nani, alitoa nyaraka zipi kabla ya kuanza, zenye tarehe gani, na nani alizikagua, nani aliwasiliana na mahali alipokuwa awali na alijibiwa nini, na kama kumewahi kupokewa lalamiko lolote juu yake, lilipokewa lini, na nani, na hatua gani ilichukuliwa. Hatuombi namba ya kitambulisho chake wala habari za familia yake. Tunaomba pia kitabu cha wageni, orodha za safari za timu, kumbukumbu za vikao vya bodi na rekodi za malipo aliyolipwa zihifadhiwe bila kubadilishwa. Tunaandika kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016."

Pelekeni nakala mbili. Moja ibaki kwa karani, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na mwondoke nayo. Karani akikataa kuigonga, itumeni kwa posta ya rejista na kwa baruapepe siku hiyo hiyo. Chini ya sheria hiyo ya 2016 taasisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na mkinyimwa, au wakinyamaza, mnaweza kuomba uamuzi huo upitiwe na Tume ya Haki za Kiutawala. Shule za binafsi zisijidhani ziko nje: Kifungu cha 35 kinagusa pia habari zilizo mikononi mwa mtu binafsi zikiwa zinahitajika kulinda haki, na haki ya mtoto kulindwa imo katika Kifungu cha 53.

Nimesisitiza rekodi za malipo kwa sababu maalumu. Shule ikibanwa, kitu cha kwanza kusogezwa ni tarehe. Kocha aliyekuwepo tangu Januari ghafla anakuwa alifika Mei, "akiwa bado kwenye majaribio." Lakini shilingi elfu mbili za nauli zilitumwa kwa M-Pesa kila Ijumaa, na ujumbe wa M-Pesa una tarehe na saa. Kitabu cha wageni langoni nacho kina mwandiko wa mlinzi, mtu ambaye aghalabu hana sababu ya kumficha mtu. Muulizeni mlinzi kwa adabu. Mpishi pia. Watu hawa huona nani anaingia bweni gani saa ngapi, na ni nadra sana mtu kuwauliza.

Majibu mtakayopata nayataja mapema ili yasiwayumbishe. La kwanza litakuwa kwamba huyo hakuwa mwajiriwa, alijitolea tu. Msikubali liishie hapo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, katika kifungu cha 39, inamtaka mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la kingono kulitaja anapoomba kazi inayompa mamlaka au malezi juu ya watoto, na pia anapojitolea au kukubali kuwatunza au kuwasimamia. Kujitolea kumetajwa. Kuhusu shule yenyewe, mzazi alikabidhi mtoto kwa shule, naye mtoto hakuambiwa kwamba saa tisa mchana, filimbi ikilia, ulinzi wa shule umekwisha. La pili litakuwa kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawakataza kusema. Inalinda habari binafsi za kocha, na ndiyo maana barua yenu haikuziomba. Kuuliza shule ilifuata utaratibu gani, nani alikagua na lini, ni kuuliza habari za shule yenyewe. La tatu litakuwa kwamba kesi iko mahakamani. Kesi iliyo mahakamani ni ya kocha, na haimzuii mwenyekiti wa bodi kueleza kama bodi ilikaa kumjadili kabla hajaanza.

Jibu la nne silo la maneno. Ni mtoto wako kuachwa nje ya kikosi, au mwalimu wa darasa kukuambia pembeni kwamba unaharibu jina la shule katika mwaka wa mtihani. Hapa ndipo wazazi wengi huvunjika, na ndiyo sababu nasema barua isiwe ya mtu mmoja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imempa kila mzazi mwenye mtoto shuleni uanachama wa chama cha wazazi, na imeweka nafasi sita za wawakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule. Watu hao sita mliwachagua. Wapigieni simu mmoja mmoja, waulizeni walikuwa wapi jina hili lilipopita mbele yao, au kama halikupita kabisa. Kwa uzoefu wangu, mmoja au wawili kati yao hawajui kitu na wamechukia kama ninyi. Hao ndio watakaodai kikao cha dharura.

Bodi ikijifunga, nendeni kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo na kwa ofisi ya watoto. Aliyehusika akiwa mwalimu, au mwalimu akiwa alijua na akanyamaza, nendeni TSC. Waraka wa TSC namba 3 wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu aripoti tuhuma za dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi ndani ya saa 24, na anayeficha naye huingia kwenye nidhamu. Kwa hiyo lile swali la barua, kwamba lalamiko la kwanza lilipokewa lini na nani, lina uzito kuliko linavyoonekana. Mara nyingi utakuta uzembe mkubwa haukuwa siku kocha alipoingia. Ulikuwa wiki sita baadaye, msichana mmoja alipomwambia mwalimu wa zamu kwamba hataki tena kwenda mazoezi, na mwalimu akamwambia asiwe mvivu.

Anayefikiri taasisi haziguswi na mahakama ajue kesi inayoitwa W.J., iliyoamuliwa na Mahakama Kuu jijini Nairobi mwaka 2015. Wasichana wawili wa shule ya msingi walidhulumiwa na naibu mwalimu mkuu wao huko Nakuru. Jaji Mumbi Ngugi hakuishia kwa mwalimu. Aliiwajibisha TSC na Serikali pamoja naye, akasema haifai watu wa aina hiyo kuhamishwa kutoka shule moja hadi nyingine na mwishowe kufutwa kazi tu, kana kwamba wajibu umekwisha hapo. Wasichana wale waliamriwa kulipwa fidia ya jumla ya shilingi milioni 5, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikataa kuubatilisha msimamo huo. Hukumu hiyo ni mali yenu. Wakili wenu ataijua, na inafaa hata mwenyekiti wa bodi aambiwe kwamba ipo.

Wakili mtafuteni mapema. Madai ya kawaida ya uzembe dhidi ya Serikali yana muda wa mwaka mmoja tu, wakati dhidi ya mtu binafsi ni miaka mitatu, na ingawa sheria humfikiria mtoto, na kesi ya kikatiba ina njia yake, msijenge nyumba juu ya msamaha huo. Asiye na pesa za wakili aende FIDA-Kenya, shirikisho la mawakili wanawake, au aulizie huduma ya msaada wa kisheria ya Serikali iliyoanzishwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Mjue pia kwamba kocha akiachiliwa katika kesi ya jinai, madai yenu dhidi ya shule hayafi naye. Jinai hutaka uthibitisho usioacha shaka ya maana. Madai hupimwa kwa kinachoelekea zaidi kuwa kweli. Na swali lenu, kama shule ilimchunguza au haikumchunguza, halitegemei kabisa hakimu alimwonaje kocha.

Neno juu ya kundi la wazazi la WhatsApp, maana huko ndiko mambo mengi mema hufia. Msiweke jina la mtoto, darasa lake, wala picha ya timu yenye mduara mwekundu. Msimtaje kocha kuwa mbakaji kabla mahakama haijasema. Mnaweza kushtakiwa, na shule itafurahi kuwa mdhulumiwa. Kuna pia haki ya kocha mwenyewe. Aliyewahi kukamatwa kwa kuvunja kafyu mwaka 2020, au aliyelala seli ujana wake kwa ugomvi wa baa, si hatari kwa watoto kwa sababu hiyo peke yake, na sipendi kuona wazazi wakimfukuza mtu maskini kwa rekodi isiyohusiana. Kinachotafutwa ni dalili ya madhara kwa watoto, au uongo juu ya alikotoka.

Halafu kuna mambo ambayo uchunguzi wa aina yoyote hauyashiki, kwa kuwa watu wengi wanaodhuru watoto hawajawahi kukamatwa. Kwa hao ulinzi ni jinsi siku inavyopangwa. Fikiria basi linalorudi kutoka mashindano ya kaunti saa tatu usiku. Watoto wanashuka kituo kwa kituo, na kila kituo basi linazidi kuwa tupu, mpaka anabaki dereva, kocha, na mtoto anayekaa mbali kuliko wote. Mtoto huyo ni yuleyule kila safari. Ukiwa mzazi, dai orodha ya nani anashuka wapi na mwalimu gani wa kike au wa kiume anabaki hadi mtoto wa mwisho. Dai timu ikilala nje, kocha asilale kwenye darasa walilolazwa watoto, na mwalimu wa shule awepo usiku kucha. Dai ujumbe wa mazoezi upite kwenye kundi lenye wazazi ndani yake. Kocha anayemwandikia msichana wa sekondari saa nne usiku kumwuliza kama goti limepoa anapaswa kuelezwa mara moja kwamba hilo halifanyiki hapa. Namna atakavyolipokea itawaambia mengi. Mazoezi ya peke yake, lifti ya pikipiki, viatu vya bure kwa mchezaji mmoja: yote haya yawekwe kwenye karatasi moja, isomwe mbele ya makocha na watoto wakiwa pamoja, kocha atie saini mtoto akimwona.

Shule ikishindwa kujitetea, huenda ikaja na pendekezo la kuelewana nje ya mahakama juu ya fidia. Hili la madai mnaruhusiwa kulikubali, tofauti na lile la jinai, na pengine ni heri kwa mtoto kuliko miaka ya kuitwa kizimbani. Someni kila ukurasa na wakili. Karibu na mwisho huwepo kifungu kinachowataka msizungumze kamwe. Kubalini jina la mtoto lisitajwe. Hilo ni kwa faida yake. Kataeni kufichwa kwa yaliyofanyika ofisini. Andikisheni badala yake kwamba shule itatoa taarifa kwa wazazi wote ikieleza kilichokosekana, itawaandikia wote waliompokea mtu huyo kabla na baada yake, italipia ushauri nasaha wa mtoto kwa muda ambao mtaalamu wake atausema, na itaweka rejista ya kila mtu mzima anayekaa na watoto, yenye jina kamili, tarehe ya kuanza, nyaraka alizotoa, simu iliyopigwa, na sahihi ya aliyemruhusu. Rejista hiyo iwe kitabu kilichojalidiwa chenye kurasa zenye namba, na wawakilishi wa wazazi waikague ukurasa kwa ukurasa kila muhula unapofunguliwa, kabla ya mazoezi ya kwanza.